Lini na Wapi Ununue Gari la Spoti Kutoka Japani

Anayetafuta gari la kubebea familia anaweza kununua mwezi wowote na hasara yake ikawa ndogo, kwa sababu magari ya namna hiyo yapo maelfu kwa maelfu na bei zake hazitikisiki sana. Gari la spoti ni jambo jingine. Magari yenyewe ni machache, wanaoyawinda wapo dunia nzima, na bei hupanda au kushuka kwa sababu zinazoanzia mbali sana na Dar es Salaam au Mombasa. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuagiza Mazda Roadster, Toyota 86, Subaru BRZ, Suzuki Swift Sport au gari la jamii hiyo lililotumika Japani, alilete Tanzania au Kenya, alisajili na aliendeshe kwa miaka. Nimeichagua Japani kwa sababu usukani upo kulia kama kwetu, magari ya aina hii bado yapo kwa wingi kule kuliko kwingine, na minada yake huandika hali ya kila gari kwa utaratibu ambao mnunuzi aliye mbali anaweza kuusoma na kuutegemea.

Ushauri wangu mkubwa nautanguliza: usianze na gari, anza na tarehe ya kufika bandarini, kisha hesabu kurudi nyuma. Tangu siku unapolipata gari mnadani hadi siku unapoliwasha barabarani, mimi hupanga miezi mitatu. Safari ya baharini huchukua wiki tatu hadi sita kutegemea meli inapita wapi, na kabla yake kuna siku za kulitoa gari mnadani, kufuta usajili wake wa Japani, kulikagua pale ukaguzi unapotakiwa na kungoja nafasi melini. Baada yake kuna forodha. Watu wengi hupata gari zuri kwa bei nzuri, kisha faida yote ikaliwa na tarehe mbili ambazo hawakuzitazama.

Tarehe 1 Januari na tarehe 1 Julai

Tarehe ya kwanza inahusu umri. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na hesabu hiyo husogea kila mwaka mpya unapoingia. Gari lililo ukingoni mwa umri huo sharti liwe limefika kabla ya 31 Desemba, na kufika maana yake ni kufika, si kuwa melini. Ndiyo maana kila mwisho wa mwaka huwapo msongamano wa magari ya mwaka wa mwisho unaoruhusiwa, yanayouzwa kwa punguzo la kuvutia na wauzaji wanaotaka kuyaondoa. Punguzo hilo ni halali ukinunua Septemba. Ukilinunua gari hilo katikati ya Novemba unacheza kamari na ratiba ya meli.

Tanzania haikatazi gari la zamani, bali hulitoza. Gari dogo la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 tangu lilipotengenezwa huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na likivuka miaka 10 nyongeza hiyo huwa asilimia 30. Ukiisikia asilimia hiyo peke yake utadhani ni kitu cha kuvumilika, kwa hiyo tuifanyie hesabu. Chukua gari lenye injini isiyozidi sisi 2000 (yaani cc, kipimo cha ukubwa wa injini), ambalo thamani yake pamoja na usafiri na bima imekubaliwa na TRA kuwa shilingi milioni 20. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 5, na jumla inakuwa milioni 25. Ushuru wa bidhaa kwa ukubwa huo wa injini ni asilimia 5 ya milioni 25, yaani milioni 1.25. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hukatwa juu ya milioni 26.25, nayo ni milioni 4.725. Jumla ya kodi hizo tatu ni milioni 10.975. Sasa lifanye gari hilohilo liwe na zaidi ya miaka 10. Inaingia nyongeza ya milioni 7.5, na kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani hukatwa juu ya kila kilichotangulia, nayo inapanda hadi milioni 6.075. Jumla inafika milioni 19.825. Tofauti ni milioni 8.85, kabla hujagusa tozo ndogondogo za reli, uchakataji na usajili. Hakuna dalali wa Yokohama atakayekupa punguzo la kufidia pengo hilo.

Hesabu hiyo ina somo la pili, la ukubwa wa injini, ambalo ni muhimu hasa kwa wapenda magari ya spoti. Toyota 86 ya kizazi cha kwanza ina injini ya sisi 1998 na inaingia kwenye asilimia 5. Mrithi wake, GR86, ana sisi 2387 na anaingia kwenye asilimia 10. Roadster yenye paa la turubai inayouzwa Japani tangu 2015 ina sisi 1496, na kwa Kenya namba hiyo ni neema, kwa sababu ngazi ya chini ya ushuru wa bidhaa inaishia kwenye sisi 1500. Roadster hiyohiyo katika umbo la RF, yenye paa gumu linalojikunja, ina injini ya lita 2. Anayeona picha mbili kwenye simu huona tofauti ya paa tu, lakini forodha huona magari mawili tofauti.

Tarehe ya pili ni 1 Julai. Bajeti husomwa Juni na viwango vipya huanza kutumika Julai, Tanzania na Kenya vilevile, na gari hutozwa kwa kiwango kilichopo linapopitishwa forodha, wala si kiwango kilichokuwapo ulipolilipia. Mwaka 2023 Kenya ilipandisha ushuru wa forodha wa magari kutoka asilimia 25 hadi 35 kuanzia Julai, na waliokuwa na magari baharini wiki hizo walilazimika kutafuta fedha ambazo hawakuwa wamezipanga. Kwa hiyo gari linunuliwe mapema ili lishuke bandarini kufikia Mei, au kama limechelewa, mnunuzi asubiri bajeti isomwe ndipo aweke fedha zake. Kununua mwishoni mwa Mei na kuomba Mungu si mpango. Hesabu zako zote zirudie mwenyewe kwenye kikokotoo cha mtandaoni cha TRA, au kwenye orodha ya bei ya KRA kama upo Kenya, kwa sababu mamlaka hizi hutumia thamani zao zilizowekwa kwa kila modeli na mwaka, na ankara yako haitakuwa neno la mwisho.

Mwaka wa Japani unavyokwenda

Mwaka wa fedha wa Japani huisha 31 Machi. Mwezi Aprili wanafunzi huanza mwaka wa masomo na waajiriwa wapya huanza kazi, kwa hiyo kati ya Januari na Machi Wajapani wenyewe hununua magari kwa wingi, na mawakala wa magari mapya husukuma mauzo ili wafikie malengo yao. Wafanyabiashara wanaohitaji magari ya kujaza yadi zao hupandisha bei mnadani katika miezi hiyo, nawe mnunuzi wa Afrika Mashariki unakuwa unashindana na mtu ambaye mteja wake anamsubiri mlangoni. Kisha wimbi hugeuka. Magari yaliyorudishwa na walionunua mapya humiminika mnadani, na mahitaji ya ndani hupoa. Vilevile kodi ya gari ya mwaka hutozwa kwa yule ambaye gari lipo kwa jina lake ifikapo 1 Aprili, jambo linalowafanya wenye magari wasiyoyatumia sana kuyaondoa kabla ya siku hiyo, na gari la spoti la viti viwili mara nyingi ndilo gari lisilotumika sana nyumbani.

Kwa sababu hizo naupenda mwezi wa Aprili, hasa wiki zake tatu za mwanzo. Baada ya hapo huja mapumziko marefu ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, minada hufungwa, na ikifunguliwa kila mtu ana njaa ya magari. Lakini angalia ugumu uliopo: gari lililonunuliwa Aprili hufika Juni au Julai, yaani palepale penye bajeti. Ukinunua Aprili, basi chagua mwuzaji mwenye nafasi ya meli iliyokwisha kuthibitishwa, na tenga akiba ya kodi.

Magari yasiyo na paa gumu yana msimu wake pekee. Baridi ya Japani ni kali, na kati ya mwisho wa Novemba na Januari hamu ya kuendesha Roadster ikiwa wazi hupungua sana hata kwa mashabiki wake. Huo ndio wakati ambao mimi ningewinda gari la aina hiyo, nikihakikisha tu kwamba mwaka wake wa kutengenezwa hauvuki mstari wa umri wakati linasafiri, kwa maana lililonunuliwa Desemba litafika mwaka mwingine.

Upo pia mzunguko wa ukaguzi. Gari jipya Japani hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo huambatana na bima, kodi ya uzito na matengenezo. Wengi huona afadhali kuuza kuliko kulipa, kwa hiyo magari ya miaka 3, 5 na 7 huonekana zaidi sokoni. Lenye miaka 5 ndilo ninalolipendekeza kwa mnunuzi wa kwanza: bei imeshashuka vya kutosha, na umri bado upo mbali na ile mistari ya kodi.

Juu ya misimu yote hiyo ipo yeni. Januari 2021 dola moja ya Marekani ilinunua yeni kama 104. Julai 2024 ilinunua zaidi ya 160. Gari la yeni milioni 2 lilikuwa dola 19,200 hivi katika kipindi cha kwanza, na dola 12,500 katika cha pili, bila gari lenyewe kupungua chochote. Hakuna msimu wa mnada unaoweza kukupa tofauti kama hiyo. Hivyo fuatilia kiwango cha yeni kwa miezi kadhaa kabla ya kununua, na daima omba bei kwa yeni, kwa sababu wauzaji wengi wa nje hutangaza kwa dola na yeni inaposhuka hawana haraka ya kubadilisha tangazo.

Neno moja kwa wapenda magari ya miaka ya tisini. Marekani huruhusu gari lenye miaka 25 kuingia bila kutimiza masharti yake ya usalama, na modeli ambazo hazikuwahi kuuzwa kule zikifikia umri huo hununuliwa kwa pupa. Nissan Skyline GT-R ya R34 na Silvia ya S15, zote zilizoanza kuuzwa Januari 1999, zilifikia umri huo 2024. Kuzitafuta kwa bei ya chini leo ni kujichosha.

Mnadani, na jinsi ya kusoma karatasi

Mahali pa kununua ni mnadani, si kwenye picha za tovuti ya mwuzaji. Mnada wa USS Tokyo uliopo Noda, mkoani Chiba, hufanyika kila Alhamisi na ndio mkubwa kuliko yote, na ipo mingine mingi katika juma zima. Wewe huwezi kuingia mwenyewe. Wanaoingia ni wanachama. Kinachotakiwa ni kampuni ya usafirishaji yenye uanachama, inayotoza kamisheni inayojulikana, na ambayo iko tayari kukuonyesha matokeo ya miezi mitatu iliyopita ya modeli unayoitaka: magari yaliyouzwa, madaraja yake, kilomita zake na bei zake. Kampuni isiyotaka kuonyesha matokeo hayo iache. Gari lililokwisha nunuliwa na kuwekwa kwenye tovuti limeongezewa faida, na karatasi yake ya mnada mara nyingi haionyeshwi mpaka uidai.

Idai karatasi ya asili, ya Kijapani, usikubali muhtasari uliotafsiriwa. Juu yake lipo daraja la jumla: 6 na 5 ni magari yanayokaribia upya, 4.5 na 4 ni mazuri, 3.5 lina alama za matumizi, na R au RA ni gari lililopata ajali na kurekebishwa. Ndani ya gari hupewa herufi kuanzia A. Kisha kuna mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi, uliojaa alama: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa, S ni kutu. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa, kuanzia 1.

Watu husoma daraja na mchoro, wakaishia hapo. Mimi huanzia chini, kwenye mistari aliyoiandika mkaguzi kwa mkono. Ninakumbuka karatasi ya Roadster nyekundu iliyonivutia sana: daraja 4, ndani B, A1 kwenye mlango wa kulia, U1 mbele ya gurudumu la nyuma, kilomita za kawaida kabisa. Chini pembeni, kwa herufi ndogo za haraka, mkaguzi alikuwa ameandika maneno yanayosomeka *shitamawari sabi*, yaani kutu upande wa chini. Tulipoomba picha za uvunguni, mikono ya saspensheni ilikuwa imevimba magamba ya kahawia na boliti hazikuwa na pembe tena. Gari lilikuwa limeishi kwenye theluji. Hokkaido, Aomori, Akita na Niigata humwaga chumvi barabarani majira ya baridi, na chumvi hiyo hula chuma mahali ambapo rangi ya juu haionyeshi chochote. Gari la namna hiyo linaweza kuuzwa Tokyo, kwa hiyo mahali pa mnada si ushahidi wa mahali lilikoishi. Uliza lilisajiliwa wapi, na ukiweza pendelea lililokaa kusini na magharibi, kama Kyushu, nalo bado uombe picha za uvunguni.

Jambo jingine la pekee kwa magari haya ni kuchezewa. Ekzosi imebadilishwa, gari limeshushwa, kompyuta ya injini imeandikwa upya. Kwa anayeishi penye matuta na barabara za vumbi, gari lililoshushwa ni adha ya kila siku, na injini ya turbo iliyoongezwa nguvu na mtu usiyemjua ni mkopo ambao wewe ndiye utakayeulipa. Lipia zaidi kwa gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani.

Ukinunua hapa nyumbani

Kununua gari ambalo mtu mwingine amekwisha lilipia kodi kuna faida moja kubwa: unalishika. Wakati wake ni Januari, ambapo ada za shule zimewakaba watu na gari la viti viwili huwa la kwanza kuuzwa katika nyumba. Roadster na wenzake nawashauri mkayatazame wakati wa masika, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Ingiza mkono chini ya zulia nyuma ya kiti. Kisha chukua chupa ya maji ya nusu lita, uimimine taratibu kwenye kona ya nyuma ambapo turubai linakutana na bodi: maji yanatakiwa kutoka chini, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Yasipotoka, tundu limeziba na maji yamekuwa yakituama ndani ya kizingiti cha mlango, na huko ndiko kutu ya Roadster huanzia. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake. Mkanda wenye mstari wa tope, au unaonuka uvundo, unakwambia gari limewahi kuzama, hata kama viti vimebadilishwa.

Muuzaji akuonyeshe kadi ya gari yenye jina lake, na usiridhike na maelezo kwamba mwenyewe yupo safarini. Angalia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari kabla ya kukubaliana bei, maana deni hilo hulifuata gari. Na fundi umlete wewe, si yule aliyesimama pale yadini akisubiri.

Ukiagiza, malipo yaende benki kwa benki, kwenye akaunti iliyo kwa jina la kampuni yenyewe. Barua pepe ya ghafla inayosema akaunti imebadilika isijibiwe. Piga simu kwa namba uliyoijua tangu mwanzo. Wakala wa forodha mtafute meli ikiwa bado baharini, umpe hati ya shehena na cheti cha kufuta usajili mara vinapokufikia, kwa sababu siku za bure bandarini ni chache na gharama za kuhifadhi hukimbia. Siku ya kulitoa, nenda mwenyewe na betri iliyochajiwa, karatasi ya mnada iliyochapishwa na picha za Japani. Zunguka gari ukilinganisha kila A1 na kila U1 na kilichopo mbele yako, kagua namba ya chesisi, fungua buti uone jeki na vifaa, piga picha alama yoyote ambayo haipo kwenye karatasi, na ufanye yote hayo kabla hujatia saini.